Maji ya Bagamoyo

Najua nimeadimika humu mwezi mzima. Nilikuwa naumwa jamani.

Ilikuwa hivi. Tulienda Bagamoyo na darasa la historia, tukazunguka magofu ya Kaole juani mpaka koo likakauka. Kwenye kibanda kimoja mama mmoja akanichotea maji ya ndoo, baridiii, nikagida vikombe vitatu. Baada ya siku kumi hivi homa haishuki, tumbo linasokota. Kupima, taifodi.

Basi nikiwa kitandani nikajisomea habari za kitabu cha Dk. James Christie, daktari aliyeishi Zanzibar, kilichotoka London 1876. Kinahusu kipindupindu Afrika Mashariki. Ni kidudu kingine, ila njia ni ile ile ya taifodi: kinyesi kuingia kwenye maji.

Burton na Speke walianzia safari yao hapo hapo Kaole mwaka 1857. Februari 1859 wakarudi pwani wakitokea Kunduchi, huko huko tunakoenda kuogelea wikiendi. Wakashuka kwa jahazi hadi Kilwa, wakakuta kipindupindu kinaua watu. Kile kililetwa na bahari, kutoka Arabuni.

Sasa cha 1869 ndicho kilichonishangaza. Ungedhani nacho kilikuja na jahazi. Wapi! Christie aliwahoji wafanyabiashara wa misafara, akafuata nyayo zake: Makka, kikavuka Bahari ya Shamu, kikapita kwa Waoromo, Umasaini, mpaka misafara ikakishusha Pangani. Mwishoni mwa 1869 kikaingia Unguja na kuua maelfu. Yaani miaka minne hivi njiani, kikitembea na watu! Na Christie aliyapanga haya kabla Robert Koch hajakitambua kidudu chenyewe, 1884 kule India.

Hebu fikiria Bagamoyo ya wakati ule. Wapagazi mamia wanasubiri msafara, wengine ndio wanafika na pembe, wote wanachota maji pale pale. Wazungu wakiugua tunasoma kwenye shajara zao. Mpagazi akiugua, mzigo unahamia bega la mwingine, safari inaendelea. Jina lake hulikuti popote.

Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar hakikuhitaji miaka minne kufika mikoani. Kilipanda basi.

Kusema kweli nilikuwa nimepanga kumsema vibaya yule mama humu. Nimeghairi. Kwanza sina ushahidi kuwa ni maji yake, maana hata huku kempasi nakunywa ovyo. Pili, wanawe walikuwa wanachota kwenye ndoo ile ile. Mimi nimepata dawa, nimepona. Wao kesho watakunywa tena, na mgeni atakayefuata hatujui atawaletea nini.

Haya, ngoja nikachemshe maji. Msinicheke!