Kilomita 60 za Kisiwa cha Man, Kiganjani

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na bunge la London halikutaka hata kusikia habari ya kufunga barabara ya umma ili watu washindane. Kisiwa cha Man, katika Bahari ya Ireland, kina bunge lake, Tynwald. Mwaka 1904 bunge hilo likaruhusu barabara zifungwe kwa ajili ya magari, na pikipiki zikafuata mlango huohuo. Tarehe 28 Mei 1907 Charlie Collier akashinda daraja la silinda moja katika Tourist Trophy (TT) ya kwanza, kwa wastani wa kilomita 61 kwa saa. Pikipiki yake, Matchless, ilikuwa bado na pedali kama baiskeli.

Mwaka 1911 mashindano yalihamia njia ya mlimani, na hapo ndipo jina la TT lilipoota mizizi. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7 na kona zaidi ya 200: unateremka Bray Hill katikati ya nyumba za watu, unaruka daraja la Ballaugh magurudumu yote mawili yakiwa hewani, kisha kutoka Ramsey unaukwea mlima Snaefell. Kuta za mawe ziko palepale zilipo siku za kawaida. Siku hizi waendeshaji huachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo mpinzani wa kwanza ni saa. Wa pili ni kumbukumbu: asiyejua nini kipo nyuma ya kona hapati nafasi ya kujifunza akiwa njiani.

Njia hiyo imeua zaidi ya watu 250. Mwendeshaji Gilberto Parlotti alipofariki huko mwaka 1972, bingwa Giacomo Agostini akaapa kutorudi, na baada ya 1976 TT ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia.

Gemu za pikipiki zilianzia mbali kabisa na uhalisia huo. Hang-On ya Sega, mwaka 1985, ilimkalisha mchezaji juu ya pikipiki ya plastiki aiinamishe kwa mwili wake. Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi, ilipotoka mwaka 1989, mbio zilitazamwa kwa ubavu, kwenye kioo kisicho na rangi. Na ajabu ni kwamba Tourist Trophy ya mwaka 2006, gemu ya PlayStation 2 iliyobeba jina la mashindano haya, haikuwa na njia ya Kisiwa cha Man hata kidogo!

Mwaka 2018 kampuni ya Kifaransa, Kylotonn, ikatoa TT Isle of Man: Ride on the Edge, barabara ikiwa imepimwa kwa leza. Mwaka uliofuata gemu hiyo ikaingia kwenye Nintendo Switch, mashine ya mkononi yenye skrini ya inchi 6.2. Tatizo liko kwenye kidole. Mkono wa mafuta wa pikipiki huzungushwa kidogo kidogo, lakini kitufe cha ZR cha Switch hakijui nusu: umebonyeza au umeachia. Katikati ya kona, tairi la nyuma likianza kuteleza, mchezaji hubaki akigusagusa kitufe kama anayejaribu chuma cha moto. Akianguka, baada ya sekunde chache yuko barabarani tena.

Hata hivyo waendeshaji halisi wamezitumia gemu za aina hii kukariri mpangilio wa kona kabla ya kukanyaga kisiwa hicho.

Toleo la pili la Ride on the Edge lilitoka Machi 2020, mwezi uleule TT ilipofutwa kwa sababu ya korona. TT ya mwaka 2021 nayo ikafutwa. Kwa miaka miwili Bray Hill ilipitwa na mabasi na magari ya wenyeji, na walioteremka pale kwa kasi ya mashindano walikuwa wamejinyoosha kwenye makochi.