Kisiwa Kilichotiwa Rangi

Atokaye mji wa Isiolo kwenda Burat wakati wa kiangazi huona nchi yenye rangi chache. Udongo ni wa kahawia, miiba ni ya kijivu, na mbingu imepauka kwa joto. Mvua zikinyesha, mtu yule yule akipita njia ile ile huona majani mabichi na maua ambayo hakudhani kuwa mbegu zake zilikuwamo ardhini. Mvua haikuleta kilima kipya wala haikuondoa bonde la zamani. Nchi ni ile ile, ila imevaa rangi. Walakini mchungaji aliyeijua katika ukavu wake ndiye aijuaye zaidi, kwa sababu alikwisha jifunza kila jiwe na kila mkondo kabla majani hayajavificha.

Jambo kama hilo hutokea pia katika kazi za mikono ya watu. Insha hii yasimulia habari za mchezo mmoja wa kielektroniki uliotungwa Japani bila rangi mwaka 1993, kisha ukatiwa rangi mwaka 1998. Jina lake ni The Legend of Zelda: Link's Awakening. Huenda msomaji akauliza, je, mchezo wa watoto una historia gani hata uandikwe kitabuni? Wazee wachezao bao chini ya mti hawaulizi swali hilo. Wao wajua kuwa vishimo vichache na kete kidogo vyaweza kubeba akili za vizazi vingi. Mchezo ukidumu, hudumu kwa sababu una kitu ndani yake. Na mwenye kuutengeneza upya hupaswa kukijua kitu hicho kwanza, asije akakiharibu kwa nia njema.

Kampuni iliyotoa mchezo huu, Nintendo, ilianzishwa katika mji wa Kyoto mwaka 1889, na biashara yake ya kwanza ilikuwa karata. Miaka mia moja baadaye, yaani mwaka 1989, ilitoa chombo cha kuchezea mkononi kiitwacho Game Boy. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Gunpei Yokoi. Mtu huyu alikuwa na kanuni moja: kuchukua ufundi wa zamani, ulio rahisi na uliokwisha zoeleka, kisha kuutumia kwa fikira mpya. Kwa hiyo chombo chake hakikuwa na rangi. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa upana na 144 kwa kwenda juu, na kila nukta iliweza kuonyesha weusi wa namna nne tu, kuanzia mwangavu hata wa giza. Tena hakikuwa na taa ndani yake. Mchezaji alihitaji mwanga wa jua au wa taa ya nyumbani ili aone.

Washindani wake hawakukawia. Atari walitoa chombo chenye rangi mwaka ule ule, na Sega wakafuata mwaka 1990. Vioo vyao vilipendeza macho, bali vilikula betri kama moto ulavyo nyasi kavu. Chombo cha Sega kilihitaji betri sita, nazo zilikwisha baada ya saa chache. Cha Yokoi kilihitaji nne, nazo zilidumu zaidi ya saa kumi. Aliyepata kukaa mbali na duka, tochi ikamzimikia usiku, hahitaji kuelezwa kwa nini wanunuzi wengi walichagua kile cha kijivu. Game Boy na chombo cha rangi kilichokifuata viliuzwa pamoja zaidi ya milioni 118.

Mchezo wetu haukuanza kwa amri ya wakubwa. Kazuaki Morita, mmoja wa waandishi wa programu wa Nintendo, alianza kujaribu kwa hiari yake kama hadithi za Zelda, zilizokuwa zikichezwa katika televisheni, zingeweza kuingia katika kioo kidogo. Wenzake wakajiunga naye baada ya saa za kazi, wakawa kama chama cha wanafunzi wakutanao jioni, masomo yakiisha. Baadaye Takashi Tezuka aliomba ruhusa, na mchezo ukawa kazi rasmi chini ya uongozi wake. Yoshiaki Koizumi aliandika sehemu kubwa ya hadithi. Mwezi wa Juni mwaka 1993 mchezo ulianza kuuzwa Japani.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana aitwaye Link asafiri baharini peke yake. Dhoruba yavunja chombo chake, naye atupwa pwani ya kisiwa kiitwacho Koholint. Aokolewa na msichana, jina lake Marin, ambaye hupenda kuimba na hutamani kujua yaliyo ng'ambo ya bahari. Juu ya mlima mrefu wa kisiwa kuna yai kubwa, na ndani yake amelala Samaki wa Upepo. Bundi amwambia Link kwamba hawezi kuondoka mpaka amwamshe samaki huyo. Na ili amwamshe, sharti akusanye ala nane za muziki, ambazo zimefichwa katika mapango yenye mafumbo na hatari.

Mpaka hapa msomaji ataona hadithi kama nyingine nyingi za mashujaa. Lakini katikati ya safari Link aingia katika hekalu la kale, aona mchoro ukutani, asoma maneno yake, na hapo hujua siri. Kisiwa si kisiwa. Ni ndoto ya samaki aliyelala. Watu wake, wanyama wake, nyumba zake na wimbo wa Marin vyote ni ndoto, na siku samaki atakapoamka vyote vitatoweka. Maadui apiganao nao wataka samaki alale milele, ili waendelee kukitawala kisiwa. Basi mchezaji hushikwa na shaka: kila ala aipatayo yamkaribisha kwenye ushindi, na yawakaribisha wenyeji wale wema kwenye mwisho wao. Mwishoni Link huzinduka akiwa juu ya ubao katikati ya bahari, na kisiwa hakipo tena. Hakubaki na kitu ila kumbukumbu.

Hicho ndicho kitu kilichokuwa ndani ya mchezo. Kilitoshea katika kaseti ndogo kuliko kiganja cha mkono, bila rangi hata moja. Watoto wengi walicheza ili washinde, wakashinda, kisha wakashangaa kuona huzuni mahali walipotazamia furaha.

Mwaka 1998, mwezi wa Oktoba, Nintendo ilitoa Game Boy Color. Chombo hiki kiliweza kuonyesha rangi 56 kwa mara moja, zikichaguliwa katika rangi zaidi ya elfu thelathini na mbili. Kampuni ikatafuta kazi za zamani za kuvishwa mavazi mapya. Tetris ulikuwa mmojawapo, na mwezi wa Desemba mchezo wa Link ukafuata, jina lake likiongezwa herufi mbili, DX.

Yafaa tutazame kwa makini yaliyofanywa. Kumbukumbu ya kaseti iliongezwa mara mbili. Majani yakawa mabichi na bahari ikawa ya samawati. Panya mpiga picha aliingizwa katika hadithi. Alipiga picha za safari ya Link, na mchezaji mwenye mashine ndogo ya kuchapia aliweza kuzitoa katika karatasi. Pango jipya liliongezwa makaburini, ambamo mafumbo yake hayafumbuliki ila kwa kutofautisha rangi. Alishindaye pango hilo hupewa kuchagua vazi jekundu limzidishialo nguvu ya kupiga, au la samawati limpunguzialo maumivu ya kupigwa. Kasoro moja maarufu ya mchezo wa kwanza, iliyomwezesha mchezaji mjanja kuruka kutoka mahali hata mahali bila kufuata njia, iliondolewa.

Lakini hekalu halikuguswa. Mchoro wa ukutani ulibaki, siri ilibaki, na kisiwa kilitoweka kama kilivyotoweka kwanza. Wale wafanyakazi wangaliweza kuwafurahisha wanunuzi kwa mwisho mtamu zaidi. Hawakufanya hivyo. Walijua kuwa rangi ni nguo, na nguo haikushonwa ili kubadili mwili.

Kuna jambo la pili, nalo ni la heshima kwa watu. Kaseti ya mwaka 1998 ilikubali kuchezwa hata katika Game Boy ya zamani. Mtoto ambaye wazazi wake hawakuweza kununua chombo kipya aliitia katika chombo chake cha kijivu, akacheza hadithi nzima toka mwanzo hata mwisho. Pango la rangi lilimfungia mlango, kwa kuwa asingeweza kufumbua fumbo la rangi asiyoiona. Hadithi yenyewe aliishiriki sawasawa na mwenziwe. Ni kawaida ya vitu vipya kuwaacha nyuma wenye vitu vya zamani. Hapa kitu kipya kilirudi nyuma kuwashika mkono.

Kutoka habari hizi twaweza kusema kwamba atengenezaye upya kazi ya wenziwe ana madeni mawili: deni kwa kazi yenyewe, asiitoe roho, na deni kwa walioipenda, asiwafungie mlango. Mchezo huu ulitengenezwa upya tena mwaka 2019, kwa chombo kiitwacho Switch, ukaonekana kama vinyago vidogo vilivyopangwa juu ya meza. Pango la rangi lilibaki. Panya mpiga picha aliachwa. Kila kizazi huongeza na hupunguza. La kuangaliwa ni kile kisichopunguzwa, nacho ni ndoto na kuamka kwake.

Turudi Burat. Kijana wa leo ana simu yenye rangi nyingi kuliko aliweza kuzihesabu Yokoi, na huenda siku moja yeye au mwenziwe akatunga mchezo kutokana na hadithi zisimuliwazo Isiolo, za fisi na sungura, za ukame na za safari za kutafuta maji. Kazi hiyo itakuwa njema. Lakini kabla hajashika rangi, na aketi kwanza mbele ya bibi yake aisikilize hadithi kama ilivyo, hata mahali inapohuzunisha, hata mahali ambapo yeye angependa iishe vingine. Aijue katika kiangazi chake. Akiisha kuijua hivyo, mvua za rangi zikinyesha juu yake hazitamficha njia.