Trekta Haliji Peke Yake: Historia ya Kuchagua Zana, Kutoka Kongwa Hadi Teso

Baba yangu mdogo alistaafu jeshini akiwa na kiinua mgongo na wazo moja. Anaishi Mbuya, kilima cha mashariki mwa Kampala kinachojulikana kwa kambi yake ya jeshi, na ambako kwa sababu ya kambi hiyo Kiswahili husikika kuliko katika vilima vingi vya mji huu. Wazo lake lilikuwa kununua trekta dogo lililotumika, la nguvu farasi 25 hivi, alipeleke kwenye shamba la familia huko Kumi, Teso. Alikuta trekta kwa muuzaji mmoja mjini. Bei ilikubalika. Kisha muuzaji akamwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Afande, unataka lifungwe zana gani?"

Pesa iliyobaki ilitosha zana moja tu. Plau, au rotaveta ya kusaga udongo, au haro, au tela. Muuzaji alisifu rotaveta pana aliyokuwa nayo, na ilionekana wazi kwamba alitaka kuiondoa dukani. Baba mdogo akarudi nyumbani bila kulipa. Usiku ule, tukiwa tumekaa barazani, alinigeukia akasema, "Mwanangu, wewe unasoma historia. Vitabu vyenu vinasema nini juu ya hili?"

Nilicheka, kwa kuwa nilidhani historia ni ya wafalme, vita na mikataba. Lakini nilipokwenda kusoma nikagundua kwamba swali la muuzaji yule limeulizwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba mara nyingi limejibiwa na watu wasiolijua shamba. Makala hii inadai kwamba katika historia ya kilimo cha mashine katika eneo letu, hasara kubwa hazikutokana na trekta lenyewe. Zilitokana na zana kuchaguliwa kwa kutazama mashine iliyopo, badala ya kutazama udongo, na badala ya kuuliza ni kazi gani hasa inayomchelewesha mkulima.

Kwanza tuelewe kwa nini zana ni jambo zito kiasi hicho. Matrekta ya mwanzo yalikuwa kama ng'ombe wa chuma: yalikokota plau kwa mnyororo au kwa kiungo kimoja cha nyuma. Plau ikikwama kwenye jiwe, magurudumu yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na mara nyingine trekta lilimpindukia dereva na kumwua. Aliyebadili hali hiyo ni Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland. Katika miaka ya 1920 na 1930 alibuni mikono mitatu ya kushikia zana nyuma ya trekta, ikiinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta ndani ya mabomba. Zana na trekta vikawa mwili mmoja: uzito wa plau ulisaidia magurudumu kushika ardhi. Mwaka 1946 trekta lake dogo, TE20, lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, na kabla ya mwaka 1956 kumalizika yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000.

Tangu hapo trekta moja dogo liliweza kufanya kazi nyingi kwa kubadilishiwa zana. Lakini uhuru huo ulileta swali jipya. Zana iliyo pana mno hulemea injini. Iliyo nyembamba mno huacha alama za magurudumu bila kulimwa. Iliyo nzito mno nyuma huyafanya magurudumu ya mbele yaelee na usukani usishike. Mkulima wa Kanada anayetafuta zana ya kurusha theluji nje ya banda lake hupima mambo hayohayo: upana, uzito, na nguvu ya shafti ya trekta. Tofauti ni kwamba yeye anaijua theluji yake. Je, waliotuchagulia zana sisi waliujua udongo wetu?

Mwaka huohuo wa 1946, TE20 lilipoanza kutoka kiwandani, serikali ya Uingereza ilikuwa ikichunguza pendekezo la Frank Samuel wa kampuni ya United Africa. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na mafuta ya kupikia yaligawiwa kwa kipimo. Samuel alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache tu kisha ukaunga mkono. Mpango ulitaka ekari 3,210,000 zilimwe ndani ya miaka sita, kwa gharama ya karibu pauni milioni 25. Maeneo ya Tanganyika yalikuwa matatu: Kongwa katika nchi ya Wagogo, Urambo magharibi, na Nachingwea kusini.

Tazama jinsi mashine zilivyochaguliwa. Kiwanda hakingeweza kutoa matrekta makubwa mapya kwa haraka, kwa hiyo yalinunuliwa yaliyobaki vitani. Mengi yalitoka Ufilipino, mabaki ya jeshi la Marekani, na mengi yalifika yakiwa mabovu. Mengine yalitengenezwa na kampuni ya Vickers kwa kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Yaani mashine ilipatikana kwanza, ndipo kazi ikatafutiwa namna ya kuifuata mashine.

Kazi yenyewe ilikuwa tofauti na ilivyodhaniwa. Vichaka vya Kongwa vilishikana kama ukuta, na katikati yake ilisimama mibuyu. Buldoza lilipokata vichaka kwa juu, mizizi ilibaki chini, na zana zilizoletwa kuikata zilipinda au kupoteza makali. Baadaye waligundua njia nyepesi zaidi: mnyororo mzito wa meli uliofungwa kati ya matrekta mawili, ukaburutwa na kuangusha miti. Hata hivyo udongo ulikuwa bado unangoja. Ulikuwa na mchanga mkali uliokula chuma cha majembe kama tupa, na ulikuwa na mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama saruji.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Karanga hukomaa chini ya ardhi. Anayelima karanga hana budi kufikiria siku ya kung'oa tangu siku ya kupanda. Huko Kongwa mawazo yote yalielekezwa kwenye kufyeka na kulima, kazi zinazoonekana kwa macho na kupigwa picha. Msimu wa kuvuna ulipofika, udongo ulikuwa umezibana karanga, na mashine hazikuweza kuzitoa. Mvua nazo zilikuwa haba, jambo ambalo Wagogo walilijua kwa vizazi vingi. Lengo la mwaka 1947 kwa Kongwa lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Watu wengi husimulia habari ya Kongwa kama kichekesho cha wakoloni. Nadhani kicheko hicho kinatuficha jambo. Kosa la Kongwa linaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye pesa mkononi na muuzaji mbele yake.

Sasa turudi Uganda, nyumbani kwa baba mdogo, kwa kuwa Teso ilikuwa na historia yake ya zana kabla ya Kongwa. Pamba iliingia Uganda kama zao la biashara kuanzia mwaka 1903, na miaka michache baadaye ikafika Teso. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, plau ya kukokotwa na maksai ilikuwa imeanza kutumika huko. Zana hii ilikubalika, nayo ikaenea kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Sababu zinaeleweka. Iteso walikuwa na ng'ombe tayari, udongo wao kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na mwepesi, na nchi ni tambarare. Plau ile ilikuwa rahisi kiasi kwamba mhunzi wa kijijini aliweza kuitengeneza. Nguvu, udongo na zana vilipatana.

Lakini hata mafanikio haya yalikuwa na upande wa pili. Plau ililima eneo kubwa kuliko jembe la mkono, na eneo kubwa lilimaanisha magugu mengi. Kulima kukawa kazi ya wanaume na maksai. Palizi ikabaki kazi ya mkono, hasa ya wanawake na watoto. Zana iliyompunguzia mtu mmoja mzigo iliuhamishia mzigo huo kwenye mgongo wa mwingine. Na nguvu ya kukokota ilipoondoka, zana ikabaki chuma tupu: katika miaka ya mwisho ya 1980, wizi wa mifugo na vita viliimaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Teso, na familia nyingi zilirudia jembe la mkono huku plau zikiota kutu nyuma ya nyumba.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, serikali ya Uganda nayo iliamini matrekta. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na mashamba ya vikundi na huduma ya kukodisha matrekta kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Matrekta yalilima, kisha yakaondoka. Mkulima alibaki na shamba kubwa zaidi ya nguvu zake za kupalilia na kuchuma pamba. Vipuri vilikuwa ghali, mashamba yalitawanyika, na trekta lilitumia muda mwingi barabarani. Kwa mara nyingine kazi iliyopewa mashine ilikuwa ile rahisi kwa mashine, si ile ngumu kwa mkulima.

Si kwamba hakuna aliyeliona jambo hili. Katika miaka hiyohiyo, kwenye shamba la Chuo Kikuu cha Makerere huko Kabanyolo, W. H. Boshoff na wenzake walibuni na kujaribu trekta dogo kwa ajili ya mkulima mdogo wa Uganda. Halikuenea madukani, lakini swali lililolizaa lilikuwa sahihi: shamba lina ukubwa gani, na mwenye shamba anaweza kumudu nini? Miaka hamsini hivi baadaye, Profesa Noble Banadda na timu yake ya Makerere waliunda chombo cha magurudumu matatu, MV Mulimi, kinachoweza kubeba mizigo, kusukuma maji ya umwagiliaji na kupukuchua mahindi. Sifa zake hazikuanza na kulima. Nadhani hilo lilitokana na kumtazama mkulima mwaka mzima, si wiki mbili za mwanzo wa mvua tu.

Nilipomweleza baba mdogo haya yote, alinyamaza. Kisha akachukua simu akampigia bibi, mama yake mzazi, ambaye ndiye hasa anayelima lile shamba la Kumi. Walizungumza kwa Kiteso. Alimwuliza kitu ambacho hakuna mtu katika familia yetu aliyekuwa amemwuliza: kazi ipi inamchosha kuliko zote?

Bibi hakutaja kulima. Alisema jirani mwenye maksai humlimia kwa bei anayoimudu. Alitaja palizi ya karanga, na alitaja mazao yanayolala shambani na kunyeshewa kwa kukosa cha kuyabebea. Kuhusu rotaveta alisema udongo wake tayari ni laini. Ukisagwa zaidi, mvua ya kwanza itaubeba wote.

Basi jibu lilikuwa tela, na kwa wakati wake, pesa ikipatikana, zana ya kupalilia kati ya mistari, ambayo nayo inadai kwamba karanga zipandwe kwa mistari iliyonyooka kulingana na magurudumu. Baba mdogo hajalipa bado. Amesema atakwenda Kumi kwanza, atembee shamba lote na mama yake akiwa na kamba ya kupimia, ndipo arudi kwa muuzaji.

Kwa kuhitimisha, historia ya Kongwa, ya plau ya Teso na ya matrekta ya miaka ya 1960 inatupa kanuni tatu. Kwanza, udongo upimwe kabla ya mashine. Pili, zana ifuate kazi inayokwamisha mavuno, hata kama kazi hiyo haipendezi machoni. Tatu, aulizwe yule anayeifanya kazi hiyo, ambaye mara nyingi ni mwanamke asiyekuwepo mahali bei inapopatanwa. Wakubwa wa Mpango wa Karanga walikuwa na pauni mamilioni, wataalamu na vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Baba mdogo ana kiinua mgongo kimoja tu, na akikosea hatapata kingine. Anachowazidi ni simu moja aliyompigia mama yake.