Kaluta Amri Abedi, Meya wa Kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam

Nchini Tanzania, meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake kuongoza baraza la jiji au la manispaa. Cheo hiki hakipo kila penye halmashauri. Kwa mfano, Wilaya ya Kilosa, yenye milima ya Vidunda upande wake wa kusini, ina halmashauri ya wilaya, na anayeongoza baraza lake huitwa mwenyekiti. Mikumi, pamoja na nyumba zake za wageni na magari yasiyokatika ya barabara kuu ya Iringa, ni mji mdogo, nao pia huongozwa na mwenyekiti. Kwa mkazi wa kata ya Vidunda, meya wa karibu yuko Morogoro, kwa kuwa Morogoro ni manispaa. Mpaka kati ya vyeo hivyo umewekwa na sheria mbili za mwaka 1982: Sheria Na. 7 inahusu mamlaka za wilaya, na Sheria Na. 8 inahusu mamlaka za miji.

Meya hutofautiana pia na mkurugenzi. Mkurugenzi ni mtendaji mkuu wa halmashauri. Huteuliwa, husimamia watumishi na fedha, na hujibu kwa matumizi. Meya huongoza vikao, huwakilisha mji mbele ya wageni, huvaa joho na mkufu siku za sherehe, na huitwa Mstahiki. Uzito wake unatokana zaidi na heshima na ushawishi kuliko amri. Nchi nyingine zimepanga vingine. Nchini Ufilipino meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa kipindi cha miaka 3, na yeye mwenyewe ndiye mtendaji mkuu wa mji, jambo linalompa nguvu ambazo meya wa Tanzania hana.

Umeya wa Tanzania Bara ulianzia Dar es Salaam. Mji huo ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, ukapandishwa kuwa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru. Meya wa kwanza Mwafrika alipatikana katikati ya tarehe hizo, mwaka 1960, wakati serikali ilikuwa bado ya kikoloni. Naye ni Sheikh Kaluta Amri Abedi.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kwenye mji wa kale wa misafara ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili na Uislamu vilikuwa vimekita mizizi kabla ya utawala wa Wajerumani. Alisoma Ujiji, kisha Tabora. Tabora ina uzito wa pekee katika maisha yake. Ndiko alikosoma pia Julius Nyerere, na ndiko Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari wa Jumuiya ya Ahmadiyya, alikokuwa na kituo chake. Amri Abedi alijiunga na jumuiya hiyo, akawa mhubiri wake, na katika miaka ya 1950 akaenda kusoma Rabwah, Pakistan. Kwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki imani ya Ahmadiyya haikukubalika, na mabishano yalikuwa makali. Hivyo mtu aliyekuja kukalia kiti cha umeya wa mji wenye Waislamu wengi alitoka katika kundi dogo lililopingwa na Waislamu wenzake. Jambo hili halipewi uzito wa kutosha anapotajwa, ingawa linaeleza vizuri siasa ya wakati ule ya TANU, chama cha Nyerere: chama kilimpima mtu kwa uwezo wake wa kuongoza, na mabishano ya madhehebu kikayaacha nje ya mlango.

Mji alioukuta ulikuwa umegawanywa. Mipango ya kikoloni iliutenga katika kanda 3: Uzunguni, penye viwanja vikubwa na miti ya kivuli upande wa baharini, Uhindini, penye maduka na maghorofa ya katikati ya mji, na Uswahilini, yaani Kariakoo, Ilala na vitongoji vilivyofuata. Kanuni za ujenzi ziliainisha aina ya nyumba kwa kila kanda, na kwa njia hiyo rangi ya mtu ikawa ndani ya sheria ndogo za mji bila kutajwa kwa jina. Kazi za baraza la manispaa zilikuwa ni hizohizo za kila siku, nazo ni masoko, leseni, uzoaji taka, mifereji, zahanati, makaburi na vibali vya kujenga. Kwa mkazi wa Kariakoo, serikali aliyokutana nayo mara nyingi zaidi ilikuwa manispaa. Ndiyo maana kukaliwa kwa kiti hicho na Mwafrika mwaka 1960 kulikuwa na maana kubwa kuliko mipaka ya madaraka yake. Mwenye mji alionekana kwa mara ya kwanza akiongoza kikao kinachoamua mambo ya mji.

Umeya wake haukudumu. Mwaka 1962 alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, akarudi kutumikia sehemu zilizomlea. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Kati ya nafasi zake zote za serikali, hii ndiyo iliyogusa watu wengi zaidi, wa milimani na wa mijini. Mwaka huo utawala wa machifu ulikoma kisheria, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ikaunganisha mahakama za wenyeji na mahakama za serikali katika mfumo mmoja. Kabla ya hapo, shauri la mahari au la shamba lilisikilizwa katika baraza lililokuwa chini ya mamlaka ya wenyeji. Baada ya hapo lilianzia mahakama ya mwanzo, mbele ya hakimu, kwa Kiswahili. Vidunda, kama sehemu nyingine zilizokuwa na machifu wao, iliingia katika mpango huohuo. Waziri aliyekuwa bingwa wa lugha alifaa hasa kwa kazi hiyo, maana sheria iliyokuwa imeandikwa kwa Kiingereza ilibidi sasa isemwe kwa maneno ambayo mdai na mdaiwa wangeyaelewa.

Mwaka 1964 alihamishiwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Alifariki Bonn, Ujerumani Magharibi, tarehe 9 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 40. Uwanja wa michezo wa Arusha unaitwa kwa jina lake, na huenda wengi wanaolitamka jina hilo siku za mechi hawajui kwamba mwenyewe alikuwa malenga.

Maandishi yake ni ya aina 2. Ya kwanza ni tafsiri: alishiriki katika tafsiri ya Kiswahili ya Kurani iliyotolewa na Jumuiya ya Ahmadiyya mjini Nairobi mwaka 1953 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Ya pili ni ushairi na nadharia yake, na hapa ndipo penye kazi yake kubwa kuliko zote, ukiwemo umeya. Kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* kilitoka mwaka 1954, miaka 6 kabla ya kuwa meya. Kabla yake, kanuni za utunzi zilipokewa kwa sikio, mwanafunzi akimfuata malenga. Yeye alizipanga kwa maandishi: shairi la kawaida lina mishororo 4 katika ubeti, kila mshororo una mizani 16 zinazogawanywa vipande 2 vya mizani 8, na vina vya kati na vya mwisho vinalingana; utenzi una mizani 8 katika kila kipande. Alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba utungo usioimbika hauwi shairi.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa ubishi. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yake yaliachana na vina na mizani, na watetezi wa kanuni walimjibu kwa kutumia vipimo vya Amri Abedi. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaendeleza hoja ya upande wa mabadiliko katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, mwaka 1979. Pande zote mbili zilimhitaji: wahafidhina wapate ushahidi, wanamabadiliko wapate cha kupinga. Mwanafunzi wa sekondari wa Kilosa anayehesabu mizani kwa vidole leo anatumia kipimo kilichoandikwa na meya huyo, hata kama mtaala haumtaji kwa cheo hicho.