Mafuta ya Breki na Asili ya Kuyabadilisha

Gari za mwanzo zilisimamishwa kwa nguvu ya fito na nyaya. Dereva alipokanyaga pedali, nyaya zilivuta viatu vya breki hadi vikashika gurudumu. Kwa kuwa hazikulegea kwa kiasi kimoja, gurudumu moja liliweza kushika kabla ya jingine, na gari likavuta upande. Kukaza nyaya na kuzilinganisha ilikuwa kazi isiyokwisha.

Dawa ya tatizo hilo ilipatikana katika kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikikandamizwa, mgandamizo huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina lake baadaye liliandikwa Lockheed, alipata hataza ya breki zinazofanya kazi kwa kanuni hiyo. Mwaka 1921 gari la Duesenberg lenye breki za namna hiyo, likiendeshwa na Jimmy Murphy, lilishinda mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa huko Le Mans. Chrysler ilizitia kwenye gari lake la mwaka 1924, na wahandisi wake wakaondoa vizibo vya ngozi vilivyokuwa vikivuja, wakaweka vya mpira. Ford ilishikilia breki za fito na nyaya hadi mwaka 1939.

Vizibo vya mpira ndivyo vilivyoamua kimiminika gani kitumike. Mafuta ya petroli na ya injini huvimbisha mpira wa asili na kuulainisha, kwa hiyo hayakufaa. Mafuta ya nyonyo hayakuudhuru, na kwa miaka mingi yalichanganywa na alkoholi ili yawe mepesi. Kasoro ya mchanganyiko huo ilikuwa joto: alkoholi huchemka upesi. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, kimiminika hutoa mvuke. Mvuke nao hukandamizika, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Baadaye nafasi hiyo ilichukuliwa na mafuta yanayotokana na glikoli, ambayo huhimili joto kubwa zaidi. Nayo yalikuja na tabia yake: hunyonya unyevu. Maji hupenya kidogo kidogo kupitia mipira ya breki na kwenye chupa ya mafuta, na kadiri yanavyoongezeka, kiwango cha kuchemka hushuka. Kanuni za usalama za Marekani, zinazotumia alama ya DOT, hupima hali zote mbili, mafuta yakiwa mapya na yakiwa yameingia maji. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikiwa na maji asilimia 3.7, chini ya nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango ni 230 na 155. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama chupa imejaa.

DOT 5, ambayo ni ya silikoni, ilikusudiwa kuepuka unyevu huo kwa kuwa haichanganyiki na maji. Lakini maji yakishaingia hukusanyika mahali pa chini, yakatia kutu na kuchemka yakiwa peke yake. Hivyo glikoli imebaki kuwa mafuta ya magari mengi, na DOT 5 haichanganywi nayo.

Kazi yenyewe ya kubadilisha, ambayo mafundi huiita kutoa upepo, ilizoeleka kufanywa nyumbani kwa sababu vifaa vyake ni vichache na watu wawili wanatosha. Mmoja huketi kwenye usukani, mwingine huinama kwenye gurudumu, kwa kawaida lile lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga huvikwa kwenye niple, yaani skrubu ya kutolea mafuta kwenye breki, na ncha ya mpira ikazamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Wa kwanza hukanyaga na kushikilia. Wa pili hulegeza niple kwa spana, mafuta ya kahawia yakatoka pamoja na mapovu, kisha huikaza kabla pedali haijaachiwa. Ikiachiwa mapema, hewa hufyonzwa ndani na kazi huanza upya. Mzunguko huo hurudiwa hadi yatoke mafuta mapya, meupe au ya manjano hafifu, bila povu, huku chupa ya juu ikijazwa kabla haijakauka. Tone likiangukia bodi husafishwa mara moja kwa maji, maana mafuta hayo hubabua rangi.

Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walianza kuuza breki za ABS za kielektroniki, zinazozuia magurudumu yasikwame, zenye pampu na vali zake ndani ya mfumo. Katika baadhi ya magari ya namna hiyo, hewa ikiingia kwenye kitengo cha ABS haitoki kwa kukanyaga pekee. Kompyuta ya gereji huhitajika kuziamuru vali zifunguke. Mafuta ya kawaida kwenye mabomba na magurudumu bado hubadilishwa kwa spana, mpira na chupa.