Ushindani wa chapa za pikipiki nchini Tanzania

Ushindani wa chapa za pikipiki nchini Tanzania ni mashindano ya kibiashara kati ya watengenezaji wa pikipiki, hasa wa India, China na Japani, wanaogombea wanunuzi nchini humo. Unakwenda sambamba na uaminifu kwa chapa, yaani tabia ya mnunuzi kurudia chapa ileile kila anapobadilisha chombo. Kwa kuwa pikipiki nyingi hutumika kama bodaboda, uaminifu huo hutegemea zaidi upatikanaji wa spea, ujuzi wa mafundi na bei ya kuuzia tena kuliko sura ya chombo au kasi yake.

Historia

Hadi miaka ya 1990 pikipiki nyingi zilizoonekana vijijini zilikuwa za Kijapani, hasa Honda na Yamaha. Zilitumiwa na maafisa kilimo, watumishi wa afya, mapadre na miradi ya maendeleo. Zilikuwa imara, lakini bei yake ilimzidi uwezo mkulima wa kawaida.

Katika miaka ya 2000 ziliingia kwa wingi pikipiki za bei nafuu kutoka China, zikiwemo Toyo, SanLG na Fekon. Watengenezaji wengi wa China walifuata muundo wa injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Injini hiyo ina silinda moja, hupozwa kwa hewa, na vali zake husukumwa kwa fito. Fundi aliweza kuifungua kwa vifaa vichache, na spea za chapa moja mara nyingi zilifaa kwenye chapa nyingine.

Baadaye kampuni za India zilichukua nafasi kubwa sokoni: Bajaj Auto ya Pune kwa pikipiki aina ya Boxer, na TVS Motor ya Chennai kwa aina za Star na HLX. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki za magurudumu mawili na matatu, na bodaboda ikatambuliwa kisheria kama chombo cha abiria. Tangu mwaka 2019 leseni hizo zinasimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA.

Majina ya chapa katika lugha

Nguvu ya chapa huonekana katika Kiswahili chenyewe. Neno *bajaji* limetokana na jina la kampuni ya Bajaj, lakini leo ni jina la pikipiki yoyote ya abiria yenye magurudumu matatu, hata iliyotengenezwa na TVS. Vivyo hivyo *toyo* limetumika kama jina la kawaida la pikipiki katika maeneo mbalimbali.

Sababu za uaminifu

Sababu za kushikamana na chapa moja zinaeleweka vizuri katika maeneo yaliyo mbali na miji, kama Galula. Hii ni kata ya Wilaya ya Songwe, iliyopo kwenye barabara ya Mbalizi–Galula–Makongolosi, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya. Katika mazingira ya namna hiyo pikipiki hubeba abiria, wagonjwa na magunia ya mazao katika njia za vumbi na matope. Cheni, bushi, shokapu na sahani za klachi huisha mapema.

* Spea: Duka dogo la kijijini haliwezi kuweka spea za chapa zote. Huweka za chapa yenye wateja wengi, na wateja wapya nao huchagua chapa hiyo kwa sababu spea zake zipo.
* Fundi: Fundi hujifunza kwa kazi. Injini aliyoifungua mara nyingi huitengeneza haraka na kwa makosa machache.
* Bei ya kuuzia tena: Chapa inayojulikana hupata mnunuzi upesi, hivyo kwa mwenye nayo ni akiba wakati wa ada ya shule au ugonjwa.
* Mkataba: Madereva wengi hawanunui pikipiki kwa fedha taslimu. Mwenye chombo humkabidhi dereva, naye hupeleka hesabu kila siku mpaka chombo kiwe chake.

Katika mkataba, uchaguzi wa chapa mara nyingi hufanywa na mwenye fedha, lakini hasara ya chombo kusimama humwangukia dereva. Kwa mfano wa hesabu tu, mkataba wa shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 365 hufikia shilingi 3,650,000. Pikipiki ikisimama siku 10 kwa kukosa spea, dereva anadaiwa shilingi 100,000 ambazo hakuzipata barabarani.

Spea bandia

Sifa ya chapa huvutia pia waigaji. Breki, cheni au tairi bandia lenye nembo ya chapa maarufu linaweza kusababisha ajali. Tume ya Ushindani (FCC) ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Mifano katika nchi nyingine

Hali inayofanana ipo katika nchi za baridi kwa pikipiki za theluji, zinazotembea kwa mkanda na vitelezi. Huko washindani wakubwa wamekuwa Ski-Doo ya Kanada, iliyoanza mwaka 1959, Polaris na Arctic Cat za Marekani, na Yamaha ya Japani. Mwaka 2023 Yamaha ilitangaza kuacha biashara hiyo. Mtengenezaji anapoondoka sokoni, swali la kwanza la wamiliki ni lilelile la dereva wa bodaboda: spea zitapatikana wapi?

Pikipiki za umeme

Ushindani mpya katika Afrika Mashariki unahusu pikipiki za umeme. Kampuni kama Ampersand, iliyoanzia Rwanda, na Spiro huwawezesha madereva kubadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa katika vituo vyao. Pale betri ya kampuni moja isipoingia kwenye pikipiki ya nyingine, dereva hubaki na chapa yake kwa kulazimika, kwa kuwa hutegemea vituo vya kampuni hiyo peke yake.

Tazama pia

* Bodaboda
* Bajaji
* Mkoa wa Songwe