Remain in Light: albamu ya Talking Heads na ugomvi wa majina

Remain in Light ni albamu ya nne ya Talking Heads, kikundi cha rock cha New York, Marekani. Ilitoka tarehe 8 mwezi wa kumi 1980, ikiwa na nyimbo nane. Wanakikundi walikuwa wanne: David Byrne (sauti na gitaa), Tina Weymouth (gitaa la besi), Chris Frantz (ngoma) na Jerry Harrison (gitaa na kinanda). Mtayarishaji wao alikuwa Mwingereza Brian Eno.

Kabla ya hapo, Byrne ndiye aliyekuwa akileta nyimbo nyingi, wengine wanazipigia vyombo. Safari hii waliingia studio ya Compass Point, mjini Nassau, inchi ya Bahamas, bila nyimbo zilizo tayari. Walipiga pamoja, wakachagua vipande vifupi vilivyowafurahisha, kisha wakavirudia-rudia na kuongeza vyombo vingine juu yake. Maneno yalikuja nyuma. Kwa wimbo Once in a Lifetime, Byrne alifuata namna wahubiri wa redio za Marekani wanavyosema.

Namna hiyo ya kupiga waliisikia kwa Fela Kuti wa Nigeria. Pale hakuna chombo kimoja kinachobeba wimbo peke yake. Kila mtu anashika kipande chake kidogo, na vipande vikikutana ndipo muziki unatembea. Mtu aliyezoea sebene ataelewa haraka. Byrne hakuficha deni hilo: waandishi wa habari walipewa pamoja na albamu orodha ya vitabu, kikiwemo kile cha John Miller Chernoff juu ya midundo ya Afrika.

Lakini kama wimbo umezaliwa na watu wote wakipiga pamoja, mtunzi ni nani? Swali hili ni la pesa pia, sababu malipo ya utunzi yanafuata jina lililoandikwa. Diski za kwanza zilitaja Byrne na Eno kuwa watunzi wa sehemu kubwa ya nyimbo. Frantz na Weymouth, ambao ngoma na besi zao ndizo msingi wa albamu nzima, walilalamika sana. Matoleo ya baadaye yaliandika majina ya wote. Hata hivyo, uchungu ulibaki, na Eno hakutayarisha tena albamu ya kikundi hicho. Talking Heads walitangaza kuachana mwaka wa 1991.

Albamu yenyewe ilifika nafasi ya 19 Marekani, na mwaka wa 2017 Maktaba ya Bunge la inchi hiyo iliiweka kati ya rekodi za kuhifadhiwa.

Kuna pia upande wa Afrika. Angélique Kidjo wa Benin amesimulia kwamba alisikia Once in a Lifetime alipofika Paris katika miaka ya 1980. Aliwaambia wenzake kuwa huo ni muziki wa Kiafrika, wao wakakataa: ni rock. Mwaka wa 2018 Kidjo alitoa upya nyimbo zote nane, na kuongeza humo lugha za kwao. Kati ya wanamuziki aliowaita alikuwemo Tony Allen, yule aliyempigia Fela ngoma kwa miaka mingi. Mara hii jina lake limo kwenye orodha ya wapigaji.